Fomu Uliyotia Sahihi Kericho

Mpendwa Baba,

Jana nilipigiwa makofi katika ukumbi wa hoteli hapa Kericho. Najichukia, Baba. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye niliyekusingizia.

Unakumbuka ulivyokuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai? Ulikuwa unaweka ncha ya bisibisi kwenye beringi ya mashine inayozunguka na mpini wake sikioni, unasikiliza, kisha unasema ni ipi itakufa kabla ya Ijumaa. Ukanipa nami nisikilize. Sikusikia kitu, ila nilikunja uso kama mtaalamu, nawe ukacheka hadi ukakohoa.

Kisha kampuni ikakuhamishia kiwanda chake cha upande wa Sotik, kwa kuwa huko hakukuwa na mtu wa kufufua mashine kuukuu. Nyumba ya kampuni huenda na kazi, hilo kila mtoto wa shamba la chai analijua. Adhuhuri ile wapaka rangi walifika kabla hujaulizwa lolote. Mama alikuwa bado anasonga ugali, nao wanapaka ukuta wa jikoni kwa ajili ya fundi mwingine. Ndipo karani akaleta fomu iliyosema unahama kwa hiari yako. Ukaiweka gotini ukatia sahihi. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Kalamu ndio walinipea. Nyumba walikuwa washachukua."

Nilipoandika tasnifu yangu ya udaktari kuhusu sera za jamii na uhamisho wa mafundi, kampuni ilinifungulia kabati la mafaili. Fomu yako ilikuwemo. Nikaitia katika fungu la waliohama kwa hiari, pamoja na nyingine zote. Msimamizi wangu alisema utafiti husimama juu ya maandishi, si kumbukumbu za nyumbani. Nikakubali kwa sababu nilitaka kumaliza.

Basi jana, nilipowasilisha matokeo yangu mbele ya wakubwa wa kampuni, meneja mmoja, mdomo umejaa sambusa, akaniuliza kama ni kweli hakuna fundi aliyelazimishwa. Nikajibu, "Kulingana na fomu, hakuna." Akapiga makofi na mafuta yake vidoleni, wengine wakafuata. Akaongeza kwamba watu wa kabila letu wanaotoka ziwani wanapenda kuhamahama hata hivyo, nami nikatabasamu. Kinyaa kilinishika hapo hapo, na hakijaniachia.

Mama alikuwa ameketi nyuma na gauni lake la kanisani. Hakunipongeza. Tulipotoka aliniuliza tu, "Na wewe ulikuwa wapi siku ya wapaka rangi?"

Leo nimeandikia chuo kwamba sura yangu ya matokeo si ya kweli na ninaiondoa yote. Nimeeleza na nilichokiona pale jikoni. Msimamizi anasema huenda nisipewe shahada kamwe. Naogopa, kwa sababu najua hanitishi bure.

Pumzika kaburini huko kwetu kando ya ziwa, Baba, mahali ambapo hakuna karani wa kukuhamisha.

Ni mimi binti yako, niliyekuwepo.