Mama Bila Mkubwa

Dada yangu,

Shikamoo. Na ya shemeji umfikishie huko huko alikokaa na redio yake. Goti lako linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia linakusumbua ukipanda ngazi, nikakuambia ulipake dawa, na ninajua hukupaka. Wanao wawili nimewasikia, wanaendelea vizuri na kazi zao, hongera ya mama mwenye kulea. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haijambo kidogo tu, nayo nitakueleza.

Najua unachosubiri. Ulinitumia ujumbe kwamba shule zinakaribia kufunguliwa, kwamba binti yangu uliyempokea kwa likizo amekuomba abaki kwako moja kwa moja, asome huko huko, na kwamba nikubali au nikatae ili ujue kama umwandikishe. Nikakujibu kwamba simu yangu inasumbua, nitakuandikia. Basi ndiyo hii. Jibu limo humu humu, ila silitoi mapema, maana ukishalipata utaikunja barua na kwenda kupika, nakujua. Nianze na mambo ya kazini, kwa kuwa jibu lenyewe nimelipatia huko.

Nilishakusimulia habari za Taratibu, yule msichana aliyeletwa kituoni kwetu kufundisha wazazi malezi akiwa bado hajui mzazi anaanzwa wapi. Jina tulimpa sisi, kwa sababu hata ukimwambia moto unawaka, atakuuliza kwanza unawaka upande gani. Nilimpokea mimi, dada. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kubisha hodi kwa mzazi mwenye hasira, mahali pa kukaa ili usimzibie mtu mlango wa nyumba yake, na kwamba ukae ubavuni mwa mama, usimkabili kama askari. Tukienda kutembelea familia, yeye ndiye aliyekuwa akinibebea begi.

Mwaka huu ikatoka nafasi moja ya kwenda kusomea ukufunzi, yaani mtu aende, arudi, atufundishe sisi tunaofundisha wazazi. Kila mtu alijua ni yangu. Hata mlinzi wa getini alishaanza kuniita mkufunzi, na mimi nikawa naitika. Mkuu wa kituo akaniita ofisini kwake, akanisifu weee, mpaka nikaelewa kwamba nimekosa. Alisema mimi ni nguzo ya kituo, na nguzo hawezi kuiondoa mahali pake. Nguzo! Nguzo ni kitu cha kufungia kamba ya nguo. Nafasi akapewa Taratibu.

Wivu uliniuma, sikufichi. Nilimpongeza mbele za watu kwa bashasha, nikamkumbatia na kumwambia alistahili, kisha nikaenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike. Alipokuwa masomoni nilijikaza kisabuni nikafanya kazi zake na zangu. Kila mtu akiniuliza Taratibu anarudi lini, nilisema sijui, na nilikuwa najua.

Akarudi, jamani. Kiatu kipya, sauti ile ile, na maneno mapya. Tukaitwa semina ya juma zima katika ule ukumbi wetu wenye feni inayolia kila ikizunguka. Viti akavipanga duara, akasema hakuna wa mbele wala wa nyuma. Mimi nimekaa mbele miaka yote. Siku hiyo hiyo ya kwanza akauliza mzazi akianza kutueleza shida zake, sisi huwa tunasema nini. Tukajibu wote kwa pamoja: pole. Akaliandika neno hilo ukutani kwa kalamu nyekundu, akasema ni neno zuri lakini tunalitoa mapema mno. Mama hajafika hata katikati, sisi tumeshampa pole yake, na akishaipokea anaona aibu kuendelea. Anasema asante, anafunga mdomo, na lile lililomleta anarudi nalo nyumbani.

Nikamnong'oneza jirani yangu kwamba kesho tutakatazwa hata habari za asubuhi. Akacheka, nikapata nafuu. Lakini kilichonikera, dada, ni kwamba Taratibu alisema kweli. Nimegawa pole kwa watu wangapi, na wangapi waliondoka na mzigo wao kamili? Wenzangu wakawa wanatikisa vichwa na kuandika. Mimi sikuandika. Nilikaa na kalamu yangu kama mtu aliyekuja kuiuza.

Tangu hapo nikawa namvizia. Akikosea jina la mtu, nafurahi. Kalamu ikimkaukia, nafurahi. Siku ya mwisho ikafika zamu ya maigizo, nikasema leo ndiyo leo. Ngoja nikueleze, igizo kwetu lina utaratibu wake. Anayeigiza mzazi anabandikwa kifuani karatasi iliyoandikwa MAMA au BABA, na akimaliza lazima aibandue mbele ya watu huku akisema kwamba yeye si mama yule, yeye ni fulani, amerudi. Tunaita kuvua. Usipovua, unakwenda nyumbani na shida isiyo yako. Hilo nimewafundisha wengi, Taratibu akiwemo.

Akasema yeye ataigiza mhudumu wa kituo, anatafuta wa kuigiza mzazi mgumu. Hajamaliza kusema, mimi nimeshasimama. Nilitaka kumkomesha. Niliazimia niwe mama mgumu kuliko wote niliowahi kuwatembelea, asiyeambilika, mwenye kinyongo na mtu aliyemnyang'anya mtoto. Nilidhani nimemtunga pale pale.

Nikabandikwa karatasi yangu. Akabisha hodi, akakaa ubavuni mwangu, pale pale nilipomfundisha mimi. Nikaanza kwa kumfokea kwamba serikali yote imenijia nyumbani. Watu wakacheka. Nikasema nina mtoto mmoja tu, nimemlea peke yangu tangu baba yake alipokwenda zake, na sasa ametekwa na ndugu yangu. Nikatulia nisubiri pole, nimrukie. Haikuja. Taratibu ananitazama tu. Kimya kile kikaniwasha, nikaongeza. Nikasema mtoto huyo nikikaa naye nyumbani hanitaki, nikimwambia naona ana huzuni, ananijibu, Mama, usinifanyie kazi, hapa si kituoni kwenu. Ukumbi ukacheka tena, maana kila mmoja wetu nyumbani kwake yameshamkuta. Mimi sikucheka. Pole bado haijaja.

Ndipo akaniuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, mtoto mwenyewe amesemaje. Nikajibu kwamba anataka kuhamia kwa mama yake mkubwa. Akauliza kama ni mtoto mwenyewe aliyeniambia. Hapo ndipo nilipokamatika, dada. Mimi nimeambiwa na wewe. Yeye mwenyewe sijamuuliza hata kwa simu. Mimi ninayelipwa kuwafundisha akina mama kuwauliza watoto wao, wangu nimemkimbia, kwa sababu jibu nalihofu.

Taratibu akaona, akasema igizo limetosha, nivue. Nikaishika karatasi kwa kona. Nikaanza kusema mimi si mama yule. Sentensi ikanikwama. Nikaanza upya, ikakwama pale pale. Mtu mzima nimesimama katikati ya duara, feni inalia, karatasi nimeikamata kifuani, na maneno niliyowafundisha wenzangu hayatoki. Nikaangua kilio mbele ya kituo kizima, hadi mkuu aliyeniita nguzo. Taratibu akanishika mkono, na hapo ndipo akasema pole. Mara moja tu. Ilinifikia mpaka ndani kabisa, na nikamwonea wivu zaidi, maana mimi sijawahi kuisema ikamfikia mtu namna ile.

Sasa nikuambie lile ambalo hata ukumbini sikulisema. Simu yangu ni nzima, haina ugonjwa wowote. Unakumbuka siku nilipokupigia kukuuliza habari za goti? Ulikuwa unanielezea kuhusu daktari, na nikamsikia binti yangu akiita kutoka jikoni kwako, Mama, chumvi iko wapi? Nikamjibu. Mdomo ulinitangulia, nikasema iko kwenye kopo la bluu, karibu na dirisha. Wewe hukunisikia, ulikuwa umeshageuka kumwambia iko kabatini. Nikabaki nimeshika simu, chumvi yangu hapo mbele yangu kwenye kopo lake la bluu, hakuna anayeiuliza.

Hakusema mama mkubwa. Alisema mama tu. Nilisikiliza mpaka mwisho wa mazungumzo labda neno mkubwa lingefuata nyuma, limechelewa. Halikufuata. Tangu siku hiyo sijaweza kukupigia, kila ukinipigia naitazama simu ikiita mpaka inachoka.

Najua utakavyosema. Utasema kwa ukoo wewe ni mama yake vilevile, wala hakuna ubaya. Utasema aliwasikia kaka zake wakikuita hivyo, naye akaiga. Utasema nina makuu. Yote kweli, nikubali nisikubali. Lakini nakuonea wivu, dada. Nimekaa nikimsingizia Taratibu, na kweli wa Taratibu ninao na nitastaafu nao, lakini ule ni wivu wa kazi, unalala nikilala. Wako haulali. Nawaonea wivu mpaka masufuria yako yanayomsikia akiimba, kwa sababu huku kwangu aliacha kuimba. Nakuonea wivu kwa kuwa hukusoma chochote cha kulea, humwambii unaona ana huzuni, unampa vitunguu amenye, na yeye anakueleza yaliyomo moyoni. Nimekuchukia kidogo, na wewe ndiye uliyenilea.

Sasa jibu. Usimwandikishe, na begi lake usilifunge. Nakuja mwisho wa juma hili. Nakuomba siku hiyo mtafute pa kwenda, wewe na shemeji na redio yake, mtuachie jiko. Nitamwomba vitunguu na mimi nimenye. Nitamuuliza anataka kukaa wapi, halafu nitanyamaza mpaka afike mwisho, hata kama mwisho wenyewe utanichoma. Akisema anarudi, tunaondoka wote. Akisema anabaki, abaki, na nitakwenda kumwandikisha mwenyewe, jina langu liandikwe pale panapoulizwa mama ni nani. Kulia nitalia nikiwa njiani.

Ombi langu kwako ni moja, nawe usinicheke. Akikuita mama, mwitike, na chumvi mpe. Lakini umkumbushe lile neno mkubwa, alirudishe mahali pake. Wewe unao wengine wawili wa kukuita mama mtupu. Ukiongezewa mkubwa, hupungukiwi na kitu. Mimi ninaye huyo mmoja, na hilo ndilo jina langu zima.

Ile karatasi sikuivua. Nilitoka nayo kifuani, nikapita nayo getini. Mlinzi akaisoma, akanisalimia shikamoo mama badala ya mkufunzi, nami nikaitika.

Shemeji mpe salamu zangu, na goti ulipake dawa kabla sijafika. Majirani zako wote wasalimie. Binti yangu usimsalimie. Nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
mama yake.