Bango Lililobaki na Maneno ya Zamani

Alhamisi, jioni. Makole.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa Dodoma wa mwezi wa saba unaokutilia vumbi mpaka kwenye kikombe cha chai huku mgongo unatetemeka kwa baridi. Nimefunga madirisha yote na kuvaa sweta mbili. Sina hamu ya kula, na wanaonisoma hapa wanajua kwamba mimi na chakula hatujawahi kugombana.

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika sasa hivi, kabla sijapata muda wa kulipamba.

Kwa asiyenijua, mimi ni mpanga kurasa katika mradi mdogo wa mifugo. Mwaka huu tulipewa kazi ya maelezo ya dawa ya mbuzi: namna ya kuchoma sindano, na siku ambazo maziwa ya mbuzi aliyechomwa hayafai kunywewa. Maelezo hayohayo yalitakiwa kwenye kijitabu, kalenda, kipeperushi na bango kubwa la kubandika kwenye majosho. Yote kwa Kiswahili na kwa Kirangi, maana vijiji vingi vya mradi viko upande wa Kondoa, na huko wapo kina bibi ambao Kiswahili wanakielewa, lakini jambo zito wanataka waambiwe kwa lugha ya nyumbani.

Zamani ningenakili maneno na kuyabandika kila mahali, halafu kila sahihisho likija nizunguke waraka mmoja baada ya mwingine kama mwuza karanga. Safari hii nikajifanya fundi. Maneno nikayaweka mahali pamoja, nikayaunganisha na nyaraka zote. Ukirekebisha pale pa asili, kila waraka unakuonyesha kialama cha njano. Unabonyeza, maneno mapya yanaingia. Nilijisifu ofisini wiki nzima. Nilimwambia dada Neema, meneja wetu, kwamba ukirekebisha mara moja umerekebisha kote, na yeye akaniamini.

Tafsiri ya Kirangi aliifanya Mwalimu Shabani, mwalimu mstaafu wa Kondoa ambaye umri wake umempita baba yangu. Kompyuta hatumii. Prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, anaichukua kwa mkono, anakwenda nayo nyumbani, anawaketisha uani mke wake na majirani, anawasomea kwa sauti. Wakikunja uso, anaandika pembeni kwa kalamu ya kijani. Hata namba alitaka ziandikwe kwa maneno, kwa sababu karatasi yake ni ya kusikilizwa. Kisha anapanda basi na kuniletea mwenyewe mezani.

Kwenye tafsiri ya kwanza aliandika siku saba mahali palipotakiwa siku kumi na nne. Aligundua mwenyewe, uani kwake, akisoma. Alikuja, akaweka kidole juu ya mstari ule na kuniambia:

"Hapa nilipitiwa, mwanangu. Hili usilisahau. Watoto wanakunywa maziwa haya."

Nililirekebisha akiwa amesimama nyuma yangu. Kijitabu kikaonyesha alama, nikabonyeza. Kalenda, nikabonyeza. Kipeperushi, nikabonyeza. Bango halikuonyesha kitu, nami nikaona liko salama.

Halikuonyesha kitu kwa sababu nilikuwa nimelikata.

Siku mbili kabla, maneno ya Kirangi yaligoma kuenea kwenye boksi la bango. Mstari wa mwisho ulikuwa unamezwa. Mchapaji alikuwa anapiga simu, dada Neema kasimama mlangoni na mkoba begani, na mimi nikakata kiungo cha bango ili niyabane maneno pale peke yake bila kuvuruga nyaraka nyingine. Nikajiambia nitarudi kuliunganisha. Sikurudi. Na bango lililokatwa haliletewi habari za masahihisho. Linabaki na maneno ya zamani, na halikuambii lolote.

Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa, Kirangi sikisomi. Macho yangu yalipita juu ya neno lao la "saba" bila kushtuka. Mwalimu angeiona mara moja, lakini prufu ya mwisho ya bango sikumpelekea. Nilisema ya nini kumsumbua mzee wa watu na safari, maneno si ni yaleyale?

Juzi afisa mifugo wa kata moja alipiga simu. Mama mmoja alisoma bango pale joshoni, akarudi nyumbani, akafungua kijitabu, kisha akaja na kijitabu chake mkononi kuuliza kipi ni kweli. Kuna nyumba ambazo zilikuwa zimekwisha kunywa maziwa siku ya nane. Hatujasikia aliyeugua, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mabango yamebanduliwa, na afisa anasema watu sasa hata kijitabu wanakitazama kwa jicho la pembeni.

Leo asubuhi ndipo kikao kilipofanyika.

Dada Neema aliweka bango na kijitabu juu ya meza. Akasema kijitabu kiko sawa, bango limekosewa, kwa hiyo Mwalimu alipotafsiri bango aliteleza. Anadhani Mwalimu alitafsiri kila kimoja peke yake. Mambo ya viungo nani anayajua pale ofisini? Mimi tu. Mtu mmoja akasema, "Mzee naye umri umekwenda, tumtafute kijana." Wengine wakaguna kukubali. Dada Neema akanigeukia na kuniuliza kama nina la kuongeza.

Ndani ya droo yangu ilikuwepo karatasi yenye wino wa kijani.

Nikasema, "Hapana, dada."

Nimejaribu mchana kutwa kujitetea. Kwamba mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Kwamba Mwalimu ana pensheni, kazi hii kwake ni ya kupitishia muda. Kwamba kosa la kwanza si lilikuwa lake kweli? Hili la mwisho ndilo linalonitia kinyaa zaidi, kwa sababu nililifurahia. Kwa dakika kadhaa nililishika kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mtu alikosea, akaliona kosa lake, akapanda basi kuja kulisahihisha, na mimi nimemrudishia kosa lake mlangoni.

Saa tisa Mwalimu alinipigia. Dada Neema alikuwa amekwisha kumwambia.

Nilipokea nikidhani anakuja kunigombeza. Nilikuwa nimekwisha kutunga na majibu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa ile sauti yake ya darasani, kisha akaniomba msamaha.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuaibisha mbele ya wakubwa zako. Nilidhani nimelisahihisha lile, kumbe nilidhani tu."

Akaniambia miwani yake hii ameinunua juzijuzi, basi si miwani, ni yeye. Amekwisha kumwambia mkewe kwamba kazi za kutafsiri basi. Halafu akasema majirani huwa wanamletea karatasi za hospitali awasomee, dawa hii mara ngapi, ile kabla ya kula au baada. Hizo nazo ameacha kuanzia leo. "Nisije nikamuua mtu," akasema, na akacheka kidogo ili nisione uzito.

Na mimi nilimjibu nini?

"Pole, Mwalimu."

Kisha nikakata simu.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, ndivyo wanavyosema. Mwalimu alichutama palepale, hakubishana na mtu. Hakuuliza hata aonyeshwe bango. Na nguo zake ninazo mimi.

Nimekaa hapa tangu nirudi kazini, nimeandika haya, nimeyasoma. Nilikuwa naelekea kumalizia kwa kujiahidi kwamba nitakuwa mwangalifu zaidi, nitaweka orodha ya kila kiungo ninachokikata, nitapeleka prufu ya mwisho kila mara. Ni ahadi nzuri. Haimsaidii Mwalimu hata chembe. Kesho asubuhi jirani atakuja na karatasi yake ya hospitali na yeye atamrudisha.

Naweka kompyuta pembeni kwanza.

*

Nimerudi. Nimempigia.

Alikuwa ametoka kuswali magharibi. Nilimwambia kila kitu, kuanzia boksi la bango mpaka lile "Hapana, dada" la kikaoni. Habari za viungo nilizieleza vibaya, nikarudia, nikachanganya tena, na yeye akasikiliza bila kunikatiza. Nilimwambia sahihisho lake ninalo, liko pale pale alipoliandika. Nilikuwa nalia kimyakimya nikijifanya nina mafua.

Nilisikia watu wanaongea nyuma yake, na sahani.

"Kwa hiyo mimi nina akili zangu," akasema.

Hakuwa ananiuliza, lakini nilimjibu. "Unazo, Mwalimu. Mwenye kosa ni mimi."

Nilisikia akimwita mkewe, akamwambia kitu kwa Kirangi, haraka haraka. Sikuelewa hata neno moja. Lakini yule mama alipiga kigelegele, kimoja, kifupi. Kumbe ndivyo ilivyokuwa nyumba ile tangu mchana. Walikuwa kama wamefiwa, na aliyewapelekea msiba ni mimi.

Aliporudi kwenye simu, nilimwambia, "Mwalimu, kesho nitakupigia tena nikwambie nimezungumza na wenzangu."

"Wewe usinipigie," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama anayempangia mwanafunzi zamu ya kufagia. "Waliosema nimezeeka ndio wanipigie. Nitakaa na simu."

Kisha akanitakia usiku mwema.

Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kumwuliza. Dada Neema huingia ofisini saa mbili kamili, na mimi nitakuwa mlangoni kwake kabla hajafungua, nikiwa na karatasi ya Mwalimu mkononi na mabega yangu yakiwa tayari kwa lolote, hata kama mkataba utaishia hapohapo.

Huko Kondoa kuna mzee anayesubiri simu iite, na wanaopaswa kumpigia mpaka dakika hii hawajui; anayejua ni mimi peke yangu.