Rangi ya Mwenyekiti

Mjukuu wangu Kemunto,

Huku Nyansiongo tu wazima, na goti la nyanya yako limepona. Umeuliza kama gari lako linahitaji betri mpya.

Miaka ya sitini niliendesha trekta ya chama cha wakulima. Betri tatu zikafa kwa miezi minne. Mwenyekiti akanifokea hadharani, "Unauza nzuri, unatuwekea kuukuu! Kesho huna kazi."

Nikapima betri injini ikinguruma: volti kumi na mbili badala ya kumi na nne. Kumbe yeye mwenyewe alipoipaka trekta rangi, alipaka hadi pale waya wa dinamo, ile inayochaji betri, unapogusa chuma, na umeme haupiti kwenye rangi. Nikakwangua. Kumi na nne! Nikapumua.

"Haya, baba, nenda ukalime," akasema. Radhi hakuniomba hadi anazikwa.

Kwa hiyo pima kwanza. Hata betri naionea huruma ikilaumiwa bure.

Babu yako