Jumuiya Iliyoruka Nyumba ya Mama

Mazwi,
Sumbawanga.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Isdori,

Shikamoo yako nimeipokea, hata kama hukuituma. Habari za huko Newala? Shemeji Herieth na watoto hawajambo? Huku baridi ya Julai imetukalia shingoni. Mama yu vilevile: upande wa kushoto haujarudi, chakula anagusa tu, akili nzima. Mimi nimekonda kidogo, ila bado nawashinda kwa sura wanaume wote wa Mazwi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tungegombana tena. Uliniita mwoga, eti jumuiya yetu ya kanisa ilikataa kumwimbia dada Kristiana kaburini na mimi nikanyamaza. Mwoga, mimi? Mimi niliyefika Lubumbashi na lori bovu, nikamfokea askari wa mpakani mpaka akanipa sigara?

Sikia ilivyokuwa. Asubuhi ya mazishi nilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, mama Gaudiosa, mikono ya shati nimeshaikunja. Nilimkuta anapepeta maharage. Hata hakuinua uso.

"Dada yako alijitenga," akasema. "Nilipomzika mwanangu Kelvin, alikuwa wapi?"

"Alikuwa anamgeuza mama kitandani."

"Na kuja kunipa pole baadaye je? Mdomo nao ulikuwa umepooza?"

Isdori, nikaikunjua mikono ya shati. Ni kweli, dada hakwenda. Alikuwa amechoka mno, lakini hakwenda. Nikampa pole kwa niaba ya marehemu, nikarudi. Tuliimba wenyewe, mimi nikiongoza kwa sauti ya ekzosi iliyotoboka.

Sasa, jumuiya wanasali nyumba kwa nyumba, na tangu mama apooze wanairuka ya kwetu. Mama huwasikia wakiimba kwa jirani, akageuzia uso ukutani. Hilo sikuliacha. Jumamosi ya tarehe sita niliwafuata hukohuko kwenye sala, nikasimama kudai zamu yetu. Katibu wao, Leonardi, akasema, "Wewe wa darasa la tano ndiye wa kutufundisha dini? Kwenu hata pa kukaa hakuna." Watu wakacheka. La darasa la tano nililimeza. Nikasema mabenchi nitaleta mimi, na sikuketi mpaka zamu ikaandikwa.

Bwana Yesu walipomtemea mate alinyamaza. Hekaluni alipindua meza. Dini yangu inaishia hapo.

Jana ndiyo ilikuwa zamu. Niliazima mabenchi, nikafagia, nikamvika mama kitenge cha dada. Alikuja mama Gaudiosa peke yake. Alikaa mwisho wa benchi, tukasali watatu. Kisha, bila kuombwa, akaanzisha ule wimbo wa kumsindikiza marehemu. Mama aliufuata kwa nusu ya mdomo.

Mabenchi nimeyarudisha, nimebakiza moja karibu na kitanda. Zamu ijayo nitaidai tena, wapende wasipende.

Ulisema unakuja. Kama unakuja kumkaba mama Gaudiosa, baki hukohuko. Kama unakuja kumgeuza mama, njoo upesi. Nimeanza kuchoka kama alivyochoka dada.

Nisalimie shemeji, na mwanao Cornelia, na baba mdogo Amos mwambie tunamkumbuka kwenye sala. Mungu akutangulie njiani.

Akupendaye hata ukimwita mwoga,
Kaka yako, Fransisko