Mama Anajiandaa

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili alasiri.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba na mapacha, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku tupo. Mwalimu wetu wa Kiswahili hutaka tuulize hali kwanza, kisha ndipo tutoe habari, lakini safari hii hali na habari ni kitu kimoja, kwa hiyo unisamehe nikivichanganya.

Tumechoka, Mjomba. Baba akirudi kutoka kwenye kiwanda cha mikate hulala kwenye kiti na kiatu kimoja mguuni. Mdogo wangu Chiriku, ambaye unajua hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni, siku hizi anaongea kwa kunong'ona, na hakuna aliyemwambia anong'one. Mimi nasoma nikiwa nimesimama, maana nikikaa tu usingizi unanibeba.

Ulisikia kwenye simu kwamba uvimbe ulio kwenye utumbo wa Mama ni saratani, na kwamba utaondolewa kwa upasuaji mkubwa. Yaliyofuata hukuyasikia. Nimeona niandike badala ya kusubiri zamu yangu ya kuongea, kwa sababu kwenye simu Mama anasikia kila neno. Baba ataipiga picha barua hii na kukutumia usiku huu kwa simu yake.

Daktari alipomaliza kumweleza, alimwambia, "Haya, Mama, una wiki chache. Nenda nyumbani ukajiandae." Kisha akaita mgonjwa mwingine. Mama akaja nyumbani, akajiandaa.

Alimaliza kushona nguo zote za wateja na kukataa mpya. Mkasi wake mkubwa, ule ambao hatukuruhusiwa hata kukatia karatasi, akampa fundi jirani tunayemwita Mama Vifungo. Akanifundisha kumsuka Chiriku. Akalipiga pasi gauni lake la buluu na kulitundika nyuma ya mlango. Mimi, kwa akili zangu, nilidhani ni la kwendea hospitalini. Chakula akawa anakigusa tu, na mchana kutwa analala ameugeukia ukuta.

Wageni nao, Mungu awabariki, kila anayeingia anasema, "Pumzika, usijichoshe, lala." Hata wewe, Mjomba, ulimwambia hivyo, na najua ulisema kwa upendo.

Tuliporudi hospitali tulipelekwa kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mfupi, mwenye sauti ya kuuzia samaki sokoni. Alimwomba Mama ainuke kwenye kiti. Mama hakuweza bila kushika meza.

"Mama, si uliambiwa ujiandae?"

"Nimejiandaa, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Gauni liko tayari, na huyu binti yangu anajua kupika."

"Gauni? Gauni la nini?"

Mama akanitazama, kisha akatazama sakafu. Ndipo nikaelewa lile gauni ni la nini, Mjomba, na nikatamani nisingeelewa.

Yule dada alifunga mlango, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. "Sikiliza, mama yangu. Sisi tukisema jiandae, maana yake ni ule, utembee, upumue vizuri, ili mwili uweze kuubeba huo upasuaji. Nani kakwambia uage watu?"

"Daktari alisema nijiandae."

"Basi mimi na huyo daktari tutaonana!"

Mama akacheka kidogo, halafu akalia sana. Sikuwa nimemwona akilia tangu ugonjwa uanze. Yule dada hakumwambia anyamaze, alimwachia tu mkono wake aushike. Lakini pia hakutuficha jambo: mwili ukibaki dhaifu namna ile, upasuaji utaahirishwa, na uvimbe hausubiri mtu.

Basi ikabidi Mama ajiandae upya, na usidhani imekuwa rahisi. Asubuhi anapuliza hewa kwa mpira mwembamba ndani ya chupa ya maji mpaka yatoe mapovu, ili mapafu yapanuke. Chiriku anapenda sana zoezi hilo na anataka zamu. Kisha Mama anajifunza kukohoa akiwa ameukumbatia mto tumboni, kwa sababu baada ya upasuaji kukohoa kutauma, na asipokohoa makohozi yatamletea homa ya mapafu. Jua likipungua tunatembea mpaka duka la dawa. Siku ya kwanza tuliishia kwa fundi viatu, Mama akakaa kwenye kibao cha wateja akihema, na mama mmoja akanifokea kwamba namtesa mgonjwa. Hata mimi nilikuwa najiuliza.

Chakula ndiyo vita yetu. Napika mayai, maharage, samaki, nampa kidogo kidogo mara nyingi, kama tulivyoelekezwa. Juzi alirudisha sahani akaniita askari jela. Nikaenda kulia uani kwenye nguo zilizoanikwa. Niliporudi sahani ilikuwa tupu, na Chiriku akaapa kwamba si yeye aliyekula.

Alhamisi tulikwenda tena. Aliinuka bila kushika meza. Miguu ilimtetemeka, lakini aliinuka. Daktari akapima damu, akasoma majibu, akasema upasuaji utakuwa Jumanne. Nilitaka kufurahi, ila nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimwitikia tu.

Bado kulikuwa na jambo ambalo Mama alikuwa akiliogopa kuliko kisu chenyewe. Baada ya upasuaji, kwa miezi kadhaa, choo chake kitatokea kwenye tundu dogo tumboni na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa. Aliwahi kuniambia ni afadhali asiamke kuliko kunuka mbele ya wateja. Siku hiyohiyo muuguzi mmoja akatutoa hofu ya harufu, akatuonyesha mfuko unavyofungwa, kisha akachukua kalamu ili aweke alama mahali tundu litakapokuwa.

"Hapo siyo," Mama akasema.

"Siyo vipi, Mama?"

"Hapo ndipo ninapofungia sketi, mkanda utabana. Shusha kidogo. Aa, umeshusha mno! We binti, hujawahi kupima mtu?"

Muuguzi akacheka, akafuta, akaweka nyingine. Mama akasimama, akakaa, akainama kama anayeokota pini. Akamfanya yule muuguzi afute tena. Watu walikuwa wanasubiri nje, nami niliona haya, lakini sikumkatiza. Mwishowe akasema, "Haya, hapo. Hapo naweza kukaa kwenye cherehani kutwa."

Mjomba, tangu siku ile ya daktari, hilo ndilo neno la kwanza nililomsikia akisema kuhusu siku zitakazokuja baada ya Jumanne.

Ndiyo maana nina ombi, na unisamehe kama ni utovu wa adabu mtoto kumwelekeza mkubwa. Ukipiga simu kesho, tafadhali usimwambie apumzike, wala usimpe maneno ya kuaga. Mwite Sindano, kama ulivyokuwa ukimwita mlipokuwa watoto. Mwulize leo ametembea mpaka wapi, na akikwambia, mwambie ni karibu mno. Atakasirika. Baba anasema hakuna dawa inayomwinua Mama kama kukasirishwa na kaka yake. Halafu mpangie siku ya kuongea naye juma lijalo, mgombane vizuri.

Baba anakusalimu, ataandika akipata usingizi wa kutosha. Chiriku anawasalimu mapacha na anauliza kama meno yao yameota. Msalimie sana mkaza mjomba, na bibi mzaa mkeo kama bado yuko kwenu. Mungu awalinde huko mliko, na Jumanne aitulize mikono ya madaktari na mioyo yetu sisi tutakaokaa nje mlangoni.

Mpwa wako akupendaye, ambaye kesho atakaa karibu na simu.