Jagi Si Tasa la Kutemea

Baba Nasiha,

Wali uko jikoni. ~~Upashe moto.~~ Ule hivyo hivyo, baridi. Mimi niko Bondeni kwa Nasiha.

Asubuhi nimemmiminia dada yako maji kwa jagi la udongo alilolifinyanga mwanetu. Yakatoka mekundu, yana vipande vya popoo! Maskini, ametapika barazani. Tasa lako la shaba liko kwa fundi, basi ukaona jagi ndipo pa kutemea tambuu? Kinyaa gani hiki, mtu mzima!

Majagi mawili yalimpasukia Nasiha tanurini, likasalimika hili. Alikufinyangia wewe, maana walalamika maji ya chupa yanuka plastiki.

Nilitaka kulisugua kwa ndimu, nikaghairi. Nimelijaza maji, liko kando ya kitanda chako. Haya, kunywa.

Mama Nasiha