Umri wa Zabron

Iringa, 14 Juni

Baba, shikamoo.

Huku chuoni baridi imekaza, sweta la mama silivui. Mpunga wa Chimala mmemaliza kuvuna?

Fumbo lako la kila mwaka nimelipata: "Zabron amemzidi Faustina miaka minne. Umri wao ukijumlishwa ni arobaini na nne." Nikaandika kama ulivyonifundisha: x − y = 4; x + y = 44. Kaka akatoka ishirini na nne, mimi ishirini.

Lakini baba, kaka tulimzika akiwa na miaka ishirini. Wewe kila mwaka unamwongezea mmoja. Leo nami nimefikisha ishirini, hanizidi tena.

Mwakani mimi ndiye nitakuwa mkubwa. Fumbo hilo nalo uniandikie, baba.

Mwanao,
Faustina